Mifugo Iliyopotea: Wanawake Wachoraji na Masimulizi ya Kale ya Meru na Kilimanjaro

Mazungumzo haya yanahusu wanawake wachoraji wanaochota maudhui yao katika visasili, visakale na ngano, na yanaanzia Arusha kwa sababu mbili ambazo hazipatani kwa urahisi. Ya kwanza ni kwamba nchi inayouzunguka Mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,566, ina hazina kubwa ya masimulizi, kwani humo wamo Wameru, ambao mapokeo yao yanasema kwamba walitoka Usambara, wamo Waarusha na Wamaasai, na upande wa mashariki, mwendo usio mrefu kwa gari, wamo Wachaga wa Kilimanjaro. Na katika jamii zote hizo msimuliaji wa jioni, aliyeketi karibu na mafiga huku chakula kikiiva, kwa kawaida alikuwa bibi. Ya pili ni kwamba mji wenyewe umejaa picha, kuanzia maduka makubwa ya sanaa yaliyo kwenye barabara ya kwenda Dodoma hadi vibanda vya vinyago vya katikati ya mji, na picha hizo kwa sehemu kubwa zimechorwa na wanaume. Mwenye hadithi na mwenye brashi wameishi mji mmoja bila kukutana mara nyingi, na hali hiyo ndiyo inayotakiwa kuchunguzwa hapa.

Inafaa kwanza istilahi tatu zielezwe, maana katika maongezi ya kila siku zote huitwa hadithi. Kisasili ni simulizi linaloeleza asili ya jambo, kama vile chanzo cha kifo, cha mvua au cha mgawanyo wa mali kati ya mwanamume na mwanamke, na wenye simulizi hilo hulichukua kuwa la kweli kwa namna yake. Kisakale ni simulizi la mtu au tukio linalosadikiwa kuwa lilitokea mahali panapojulikana, kama vile safari ya ukoo au kuzama kwa kijiji, ingawa limetiwa chumvi kwa kupita vinywani mwa wengi. Ngano ni hadithi ya kubuni inayosimuliwa ili kuburudisha na kuadibu, na humo ndimo wanamoishi mazimwi, wanyama wanaosema na mabinti wanaochumbiwa na majitu. Aina hizi huingiliana, na hakuna mchoraji anayeomba kibali kwa mtaalamu wa fasihi simulizi anapotoka katika moja na kuingia katika nyingine, lakini tofauti hiyo ina maana kwake, kwa sababu ngano humpa tukio la kuonyesha, ilhali kisasili humpa hoja ya kujibu.

Kati ya visasili vya Wamaasai kipo kimoja kinachostahili kusimuliwa kwa ukamilifu, kwa kuwa kinagusa moja kwa moja picha zinazouzwa Arusha. Inasimuliwa kwamba hapo kale wanawake na wanaume waliishi mbalimbali, kila upande ukiwa na mifugo yake: wanaume walikuwa na ng'ombe, mbuzi na kondoo kama walivyo leo, na wanawake walikuwa na wanyama ambao sasa huitwa wa porini, hata katika namna mojawapo ya simulizi hilo nyati ndio waliokuwa ng'ombe wao, swala ndio mbuzi, pundamilia ndio punda, na tembo ndio waliobeba vyombo wakati wa kuhama. Asubuhi moja wanawake walichinja mnyama, na ulipofika wakati wa kupeleka mifugo malishoni kila mama alimzuia mwanawe asiende, akitaka kwanza apate kipande chake cha figo; mabishano yakawa marefu, na huku wao wakibishana mifugo ilijiondokea yenyewe, ikaingia msituni, ikawa ya porini hadi leo. Wanawake walibaki mikono mitupu, wakaenda kuishi kwa wanaume, na tangu hapo ng'ombe wakawa mali ya mwanamume.

Ni dhahiri kwamba simulizi hilo halikutungwa ili kuwapendeza wanawake. Kazi yake ni kuhalalisha utaratibu wa umiliki uliopo, na linaifanya kazi hiyo kwa kumtwika mama kosa la kumjali mtoto wake kwa chakula, jambo ambalo mahali pengine pote lingeitwa malezi mema. Hata hivyo ndani yake mna ungamo ambalo huenda wasimuliaji wake hawakulikusudia, kwa maana linakubali kwamba wanawake walipata kuwa na mali yao wenyewe, na kwamba kila mnyama anayetembea Serengeti, Tarangire au katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha iliyo ubavuni mwa Meru ni sehemu ya urithi wao uliotoroka. Anayepita katika maduka ya vinyago ya Arusha akiwa na kisasili hicho akilini ataona jambo ambalo muuzaji halioni: tembo, twiga, pundamilia na nyati wamejaa ukutani, na mwanamke yupo katika picha nyingine kabisa, amebeba mtungi au amesimama katika safu ya watu warefu wembamba wasio na sura, waliojifunga mashuka mekundu. Mifugo imewekwa katika fremu moja na mwenye mifugo katika fremu nyingine, na hakuna kati yao anayedai chochote.

Sababu za hali hiyo ni za kiuchumi na za kiukoo kuliko za kipaji. Mtindo unaotawala katika maduka hayo, ule wa Tingatinga, ulianzishwa Dar es Salaam mwaka 1968 na Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka kusini mwa Tanzania na aliyechora kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Alipofariki mwaka 1972, ufundi wake ulishikwa na jamaa na wanafunzi ambao karibu wote walikuwa wanaume, na kuanzia hapo ukarithishwa kwa undugu na kwa uanafunzi wa kibarazani, mahali ambapo binti hakutarajiwa kushinda mchana kutwa. Haifai kuudharau mtindo huo, kwani wapo wafuasi wake waliochora mashetani, waganga na visa vya vijijini kwa ucheshi mkubwa, lakini mnunuzi wa Arusha ni mtalii anayetoka mbugani, naye anataka tembo aliyemwona jana yake, katika ubao usiozidi ukubwa wa begi lake.

Hata hivyo mkono wa mwanamke katika picha za masimulizi ya kale una historia katika eneo hili hili, mtu akielekea kusini. Kolo, iliyo kaskazini ya mji wa Kondoa katika barabara inayounganisha Arusha na Dodoma, ni kitovu cha michoro ya miambani iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mwaka 1951 Mary Leakey, ambaye ulimwengu unamfahamu zaidi kwa uchimbaji wa Olduvai na kwa nyayo za Laetoli, alikaa huko kwa miezi kadhaa akinakili maumbo takribani 1,600, na kazi hiyo ilitolewa kuwa kitabu mwaka 1983. Aghalabu husahaulika kwamba Leakey aliingia katika elimu ya mambo ya kale kwa mlango wa uchoraji, kwa kuwa alianza kujulikana kwa kuchora zana za mawe kwa ajili ya vitabu vya wataalamu wengine. Mojawapo ya picha za Kolo inaonyesha mtu anayedhaniwa kuwa mwanamke, amesimama katikati, huku watu wengine wamemshika mikono kutoka pande zote mbili. Leakey aliisoma kuwa tukio la kutekwa nyara, ilhali watafiti waliomfuata, wakiilinganisha na ngoma ya simbo ya Wasandawe, ambamo wachezaji hupandwa na hali ya kuwa simba, waliona humo ibada ya watu walio nje ya fahamu zao za kawaida. Hakuna aliyekuwapo kuthibitisha. Lililo hakika ni kwamba anayenakili mchoro uliochakaa hulazimika kuamua mstari unaishia wapi na mkono ni wa nani, na kwa uamuzi huo anakuwa tayari ameanza kusimulia.

Wapo pia wanawake ambao hawakuwahi kuitwa wachoraji ingawa walitengeneza picha za masimulizi tangu zamani. Hans Cory, aliyekuwa mtafiti wa mila wa serikali ya Tanganyika, alichapisha mwaka 1956 kitabu kuhusu vinyago vya udongo vilivyotumiwa katika mafunzo ya jando na unyago, na humo inaonekana kwamba kila kinyago kiliandamana na wimbo wake na kisa chake, kiasi kwamba mwali alijifunza kwa macho na kwa masikio pamoja. Nchini Rwanda, katika eneo la Kirehe, wanawake hutengeneza imigongo, yaani mapambo yenye miinuko ya pembe na mistari, yanayofinyangwa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na jivu na kupakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Kisakale cha asili ya imigongo kina kejeli yake: sanaa iliyofanywa na wanawake, ndani ya nyumba walizozipamba wanawake, inasemwa kwamba ilibuniwa na mtoto wa mfalme wa Gisaka aliyeitwa Kakira, na vyama vya ushirika vya akina mama walioifufua baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 vimeendelea kulitumia jina lake. Visakale vina desturi hiyo ya kumtafutia kila kitu baba.

Uchoraji wa turubai, kwa maana ya picha inayobebeka na kutundikwa katika ukumbi wa maonyesho, ulifika Afrika Mashariki kwa njia ya shule, na shule iliyotangulia nyingine zote ilikuwa ile ya Makerere, iliyoanzishwa na Margaret Trowell katika miaka ya 1930 kwenye baraza ya nyumba yake huko Kampala. Njia yake ya kufundisha ina uhusiano wa karibu na mada hii, kwani hakuwawekea wanafunzi chungu wala tunda la kuigiza, bali aliwasimulia tukio, likiwa la Biblia, la kijijini au la ngano, kisha akawaacha walichore kama walivyoliona ndani ya vichwa vyao. Ni katika shule hiyo walikopita Wachaga wawili mashuhuri, Sam Ntiro wa Machame na Elimo Njau wa Marangu, na ni humo pia alimoingia mwaka 1950 Rosemary Karuga, mwanamke wa kwanza kusomea sanaa hapo.

Karuga alizaliwa mwaka 1928 huko Meru, ile ya Kenya, kwa baba wa Uganda na mama wa Kenya. Baada ya kuhitimu alirudi kufundisha shule na kulea watoto, na kwa miaka mingi hakufanya kazi ya sanaa ya kuonyeshwa hadharani. Ni baada ya kustaafu ualimu, akiwa karibu na umri wa miaka 60, alipopata nafasi katika kituo cha Paa ya Paa jijini Nairobi, kilichokuwa kikiongozwa na Elimo Njau aliyetajwa hivi punde. Hakuwa na fedha za kununulia rangi, kwa hiyo alikata karatasi za kufungia sabuni ya Rexona na mifuko ya unga, akazibandika vipande vidogo vidogo hadi vikawa kuku, ng'ombe, wanawake wakitwanga na majirani wakiongea. Mbinu hiyo huitwa kolaji, nayo ni picha inayoundwa kwa kubandika badala ya kupaka. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa katika jumba la Studio Museum huko Harlem, New York, pamoja na za wasanii wengine wa Afrika waliokuwa wote wanaume.

Kinachomleta Karuga katika mazungumzo haya ni mfululizo wa kolaji alizozifanya kwa ajili ya The Palm-Wine Drinkard, riwaya ya Amos Tutuola iliyotoka mwaka 1952 na iliyofumwa kwa ngano za Wayoruba, ambamo mlevi mmoja anamfuata mgema wake aliyekufa hadi katika mji wa wafu, akipita katika misitu yenye viumbe vilivyoazima viungo vya mwili na kuvirudisha njiani kimoja baada ya kingine. Mtu akifikiri kidogo ataona kwamba hakuna mbinu iliyofaa zaidi kuliko kolaji kwa hadithi ya namna hiyo, kwa kuwa bwana mzuri wa sokoni, ambaye mwili wake wote ni wa kukodi na anayebaki fuvu tupu baada ya kurudisha miguu, mikono na ngozi kwa wenyewe, ndiye mtu wa vipande hasa. Karuga alikuwa mkulima na mwalimu wa kijijini, na mazimwi yake hayakutishia kwa makelele. Yaliwekwa katika mwanga ule ule wa mchana aliowawekea kuku wake, na kwa hiyo yanaaminika. Aliendelea kujulikana polepole hadi alipofariki mwaka 2021 akiwa Ireland, na bado jina lake halijapata nafasi linayostahili katika vitabu vya shule vya nchi yoyote kati ya zile zinazoweza kumdai.

Mwanamke wa pili anayehitaji muda mrefu zaidi ni Everlyn Nicodemus, aliyezaliwa Marangu, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, mwaka 1954. Alihamia Sweden mwaka 1973, akasomea anthropolojia, yaani elimu ya jamii za binadamu na mila zao, katika Chuo Kikuu cha Stockholm, na hapo akakutana na jambo lililomkera: elimu hiyo ilikuwa inawazungumzia watu kama yeye bila kuzungumza nao. Alianza kuchora, na maonyesho yake ya kwanza yalifanyika mwaka 1980 katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kati ya 1984 na 1986 alifanya mradi aliouita Mwanamke Ulimwenguni, ambao ulimpeleka katika mji wa Skive nchini Denmark, Dar es Salaam na Kolkata nchini India. Kila mahali aliwakusanya wanawake, akawaomba wasimulie maisha yao, kisha akageuza waliyoyasema kuwa picha na mashairi, na kuyarudisha mahali pale pale yalikotoka kwa njia ya maonyesho.

Inawezekana kusema kwamba hayo si visasili, na kwa maana finyu ya istilahi ni kweli. Lakini ukitazama utaratibu wenyewe, yaani wanawake wameketi pamoja, mmoja anasimulia, mwingine anapokea na kulipa simulizi sura nyingine, utaona kwamba Nicodemus alichukua mafiga ya Marangu na kuyahamisha, bila kubeba ngano iliyopikiwa juu yake. Huo ni uamuzi wa makusudi. Mchoraji Mwafrika aliyeishi Ulaya katika miaka hiyo alitarajiwa kuleta mazimwi, vinyago na ngoma, na aliyekataa alionekana kuwa amepotea njia; yeye alikataa, na katika maandishi yake ya kitaaluma, ikiwamo tasnifu ya udaktari aliyoikamilisha mwaka 2012 katika Chuo Kikuu cha Middlesex kuhusu sanaa ya kisasa ya Afrika na jeraha la kihistoria la watu weusi, alitetea haki ya msanii huyo kuwa wa kisasa bila kuomba radhi. Picha yake binafsi ya mwaka 1982, ambamo sura kadhaa zimepandana katika kichwa kimoja, ilinunuliwa mwaka 2022 na National Portrait Gallery ya London, ikawa picha ya kwanza ya rangi, iliyochorwa na mwanamke mweusi akijichora mwenyewe, kuingia katika hazina ya jumba hilo. Mfululizo wake uitwao The Wedding, wa mwaka 1991 hadi 1992, una picha 84, na ulizaliwa baada ya kipindi cha maradhi ya akili yaliyosababishwa na mateso ya ubaguzi. Na maonyesho makubwa ya kazi zake za maisha yote yalifunguliwa Edinburgh, anakoishi, mwezi wa Oktoba 2024.

Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972 na kusomea sanaa Marekani, amefuata njia iliyo kinyume na hiyo, kwani yeye amewaita viumbe wa masimulizi kwa majina yao. Maonyesho yake ya mwaka 2014 katika ukumbi wa Victoria Miro, London, yalibeba jina la Kiswahili, Nguva na Nyoka, na kiini chake kilikuwa nguva kama anavyojulikana katika pwani yetu, yaani mnyama wa baharini ambaye kwa wavuvi ni nyama na ambaye katika visa vyao huwa pia mwanamke anayewavuta watu majini. Katika kolaji, filamu na sanamu za Mutu kiumbe huyo si mrembo anayesubiri baharia. Ana meno, ana njaa, na mwili wake umeunganishwa kutokana na mimea, vipande vya mashine na picha za magazeti ya mitindo. Hapa ubishi na kisasili uko wazi. Katika simulizi la wavuvi anayesema ni mwanamume aliyenusurika, na kwa hiyo nguva hana maneno yake. Mutu amempa nafasi yote ya picha, na mvuvi hayumo.

Katika kizazi kilichofuata wapo Watanzania wawili wanaoonyesha jinsi uwanja ulivyo mpana. Sungi Mlengeya, aliyeacha kazi ya benki na kujifundisha uchoraji mwenyewe, huchora wanawake weusi juu ya weupe mtupu, bila nyumba, bila mti, bila mnyama, na kwa mtazamaji aliyezoea mbao za Arusha utupu huo ni ukombozi wa aina yake, kwani umeondoa kila kitu kilichokuwa kikimwelezea mwanamke badala yake. Valerie Asiimwe Amani, aliyesomea Oxford, hushona na kuandika juu ya vitambaa, akichanganya mwili, maneno na viumbe vya kubuni. Hakuna kati yao anayeonyesha ngano fulani kwa kuifuata mstari kwa mstari, na huenda hilo ndilo linalowaweka karibu na bibi msimuliaji, ambaye naye hakuisimulia hadithi mara mbili kwa namna moja.

Ulimwenguni kote wanawake waliofanikiwa katika njia hii wamechagua kusimama upande usiotazamwa wa hadithi. Leonora Carrington, Mwingereza aliyelelewa kwa masimulizi ya Kiairish na aliyemalizia maisha yake Mexico, alichora majiko yenye viumbe wa uchawi kana kwamba upishi ndio elimu ya siri iliyosahauliwa. Paula Rego, Mreno aliyeishi London, alichapa mwaka 1989 michoro ya nyimbo za watoto za Kiingereza ambamo wasichana si wapole hata kidogo. Baua Devi wa Mithila, jimbo la Bihar nchini India, alitoka katika desturi ya wanawake kuchora miungu kwenye kuta za nyumba zao, na nyoka wake wa kimungu walifika Paris mwaka 1989. Mfano wake ndio ulio karibu zaidi na nchi ya Meru, kwa sababu huko ni wanawake wasio na chuo chochote cha sanaa waliohamisha picha kutoka ukutani hadi kwenye karatasi, baada ya ukame wa katikati ya miaka ya 1960 kuwalazimu kutafuta cha kuuza.

Ikiwa mchoraji wa Arusha au Moshi angetafuta leo ngano ya nyumbani yenye uwezo wa kubeba kazi ya namna hiyo, ipo ya Wachaga kuhusu binti aitwaye Marwe, ambayo Alice Werner, mtaalamu wa lugha za Kibantu, aliisimulia upya katika kitabu chake cha mwaka 1933. Marwe na kaka yake walitumwa kulinda shamba la maharage lisiharibiwe na nyani. Kiu iliwashika, wakaenda mbali kutafuta maji, na waliporudi nyani walikuwa wamekwisha kula kila kitu. Kwa kuwaogopa wazazi wake Marwe alijitupa katika kidimbwi, akazama hadi katika nchi iliyo chini ya maji, kwa bikizee mmoja aliyeishi na watoto wengi, akakaa huko akimsaidia kazi. Alipotamani kurudi nyumbani bikizee alimtaka achague kati ya moto na baridi. Marwe alichagua baridi, akatumbukiza mikono na miguu katika chungu, na alipoitoa ilikuwa imejaa bangili. Aliambiwa pia kwamba mume wake ataitwa Sawoye, na aliporudi juu, wachumba wote wa nchi wakiwa wamepanga foleni, alimchagua Sawoye mwenye ugonjwa wa ngozi, ambaye baada ya ndoa alipona na kuwa kijana wa kupendeza kuliko wote.

Kwa mkono wa haraka picha ya ngano hiyo itakuwa bibi arusi na bangili zake, na itauzwa vizuri. Lakini sehemu yenye uzito ni ile ya katikati, ambapo mtoto aliyekimbia adhabu kwa ajili ya maharage anasimama mbele ya vyungu viwili asijue kilichomo, na anachagua kile ambacho mtu wa nchi ya milima, mwenye kuijua baridi ya Julai, hangekichagua. Jambo hilo ni gumu kuchorwa, kwa kuwa baridi haina umbo na hofu ya maharage yaliyoliwa si ya kishujaa, na pia kwa sababu ngano inataka mtazamaji aone nchi mbili kwa wakati mmoja, ya juu wanakolia wazazi na ya chini anakofanya kazi binti yao. Karuga angeikata vipande, maji yakiwa karatasi ya sabuni. Nicodemus angehitaji picha nyingi zinazofuatana, na pengine angetaka kwanza kuwasikia wasichana wanaolinda mashamba. Mutu angeanza na bikizee. Mchoraji wa kibanda cha Arusha, akiwa mwanamke mwenye kodi ya kulipa na ubao wa hadibodi wa ukubwa wa begi, atalazimika kuamua kama nyani waingie kwenye picha au la, maana mnunuzi atawapenda, na wao ndio walioanzisha kisa chote.